Fuata Hewa Kwanza: Kutambua Kasoro za Kuzaliwa Nazo za Njia ya Pumzi Katika Picha ya Kifua

Nimonia ya kawaida huhamahama. Mtoto akiugua kushoto chini wakati wa masika, kisha akaugua kulia wakati wa vuli, tunatafuta sababu za mwili mzima: lishe, moshi wa kuni jikoni, virusi vya UKIMWI, moyo. Ila nimonia inayorudi kwenye lobu ileile, mara ya pili, mara ya tatu, hiyo inabidi tuiulizie mahali ilipo. Ama kuna kitu kimeziba tawi la hewa linaloingia pale, ama kuna kitu kinalibana kwa nje, ama tawi lenyewe liliumbwa hivyo tangu tumboni mwa mama. Makala haya yanahusu hasa hilo la tatu. Nimeyaandika kwa ajili ya daktari, tabibu na mpiga picha walio katika hospitali isiyo na bingwa wa radiolojia: picha imetoka, mgonjwa yuko kitandani, na nesi anakusubiri wewe useme neno.

Tulipokuwa masomoni tulipewa utaratibu mzuri wa kusoma picha ya kifua. Kwenye zamu ya usiku utaratibu huo unasahaulika, jicho linakimbilia penye weupe. Kasoro za njia ya hewa hazina weupe wa kukuita. Nyingi zimo katika ule mstari mweusi wa katikati unaoshuka kutoka shingoni, ambao tunautupia jicho mara moja tu kuona kama umevutwa upande, basi. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: kabla hujayatazama mapafu, fuata hewa. Shuka nayo kutoka kooni, angalia upana wake, angalia inapopinda na inapobanwa, ifikishe karina pale trakea inapogawanyika, halafu ingia tawi la kulia, urudi uingie la kushoto, uende nayo mpaka isionekane tena. Kama picha ni ya kompyuta, ongeza mwanga na upunguze ukali mpaka katikati ya kifua ipambanuke. Trakea nyingi "zisizoonekana" zinaonekana kwa kugusa vitufe viwili. Na mpiga picha asiikate shingo. Picha ya mtoto anayepumua kwa mlio inapaswa kuanzia kooni.

Ili kuijua kasoro sharti uijue kawaida. Kwa mtu mzima trakea hushuka katikati, kisha husogea kulia kidogo pale upinde wa aota unapoigusa kwa kushoto na kuacha kibonyeo. Tawi kuu la kulia ni fupi, pana na limesimama zaidi. Lobu ya juu ya kulia hupata tawi lake yapata sentimita 2 baada ya karina. La kushoto ni refu, karibu sentimita 5, na limelala zaidi. Kwa mtoto mchanga kuna mitego miwili. Wa kwanza: akipigwa picha huku anatoa pumzi, au analia, trakea yake laini hujikunja kulia kama imesukumwa. Hiyo si kasoro. Hesabu mbavu, uone kama alivuta pumzi, na pima umbali wa ncha za mitulinga kutoka kwenye uti wa mgongo ili ujue kama alilazwa amegeuka. Mtego wa pili ni tezi ya thaimasi, ambayo kwa mtoto mdogo hujaza sehemu ya juu ya kifua na kuonekana kama uvimbe. Thaimasi ya kawaida, hata iwe kubwa namna gani, haisukumi trakea wala haiibani. Ukiona trakea imebanwa, usiisingizie thaimasi.

Sasa tuje kwenye kasoro ninayotaka kukaa nayo, kwa sababu wengi wanatembea nayo bila kujua na kwa sababu hujitokeza saa mbaya: tawi la hewa linalochomoza moja kwa moja kwenye ukuta wa trakea, juu ya karina. Mholanzi Sandifort aliieleza mwaka 1785. Karibu kila mara huwa upande wa kulia, mara nyingi ndani ya sentimita 2 juu ya karina, na hulisha lobu ya juu yote au kijisehemu chake cha kileleni. Vipimo vya watu wengi huitaja kati ya asilimia 0.1 na 2. Kwa nguruwe, ng'ombe, kondoo na mbuzi hilo ndilo umbile la kawaida. Siku ya sikukuu mkichinja, chukua koo la mbuzi pamoja na mapafu yake, pitisha kidole kando ya bomba, utalikuta tawi la kulia likitoka kabla bomba halijagawanyika. Sijui somo la anatomia lenye gharama ndogo kuliko hilo.

Mtu mwenye tawi hili anaweza kufika uzeeni bila kikohozi cha ajabu. Tatizo huja pale tawi likiwa jembamba au limekaa kwa pembe mbaya, makohozi yakashindwa kutoka. Hapo ndipo lobu ya juu ya kulia inapougua, ikapona nusu, ikaugua tena, hata kuta za matawi madogo zikatanuka na kuharibika. Picha ya kawaida ya eksirei mara nyingi haitakuonyesha tawi lenyewe. Kitu inachokupa ni mwenendo: pembe ya juu ya kulia nyeupe, mpasuo mdogo kati ya lobu umevutwa juu, na ukizitandika picha za zamani juu ya meza, Februari, Juni, Novemba, weupe uko palepale. Kwa hiyo msihi mama aje na picha zote alizonazo nyumbani, hata zile zilizokunjwa kwenye mfuko wa plastiki. Mara mojamoja, lobu ikiwa imesinyaa na kuwa nyeupe, utaona kijinjia cheusi chembamba kinachomoza kwenye ukuta wa kulia wa trakea na kuelekea weupe ule. Ukikiona, kizungushie kalamu.

Pale tawi hili linapokuwa hatari ya dakika chache ni mgonjwa anapowekewa mrija wa pumzi. Chukua mfano wa mtoto anayefanyiwa upasuaji wa ngiri. Mrija umeingia vizuri, kifua kinapanda, kisha oksijeni inaanza kushuka. Picha inapigwa: lobu ya juu ya kulia imesinyaa. Kila mtu mezani anafikiri jambo moja, mrija umezama upande wa kulia, nao wanaurudisha nyuma. Na kweli, kuzama ndiko kunakotokea mara nyingi. Ila tazama ncha ya mrija kabla hujauvuta. Mrija uliozama kulia kwa kawaida hulinyima hewa pafu la kushoto. Kama ncha iko juu ya karina mahali panapotakiwa, pafu la kushoto limejaa hewa vizuri, na ni lobu ya juu ya kulia peke yake iliyosinyaa, una maelezo mawili: makohozi yameziba, au mwili wa mrija umefunika mlango wa tawi linalotoka kwenye trakea. Nyonya makohozi kwanza. Isipofunguka, rudisha mrija kidogo kidogo ukisikiliza kifua chini ya mtulinga wa kulia, mtu mwingine akiwa ameushika usichomoke. Kuna na kinyume chake: ncha ya mrija ikiingia ndani ya tawi hilo, lobu moja ndogo inapokea hewa ya mapafu mawili. Itafura na inaweza kupasuka.

Ukipata nafasi ya CT scan, ushahidi huwa wazi. Fungua kwa dirisha la mapafu, vipande vyembamba, shuka polepole kutoka juu. Juu ya karina, ukuta wa kulia wa trakea unafunguka tundu. Usiishie hapo. Endelea kushuka mpaka mahali ambapo tawi la lobu ya juu lingetakiwa kuwa, uhesabu: lobu ya juu ya kulia ina vijitawi vitatu, cha kileleni, cha nyuma na cha mbele. Kikikosekana kimoja pale chini, hicho ndicho kilichopanda kwenye trakea. Vikikosekana vyote, lobu nzima imehama. Vikiwepo vyote vitatu, lile la juu ni la ziada. Tofauti hiyo anaihitaji mpasuaji, kama ikifika huko, na anaihitaji zaidi mtaalamu wa usingizi. Tazama pia upana wa trakea yenyewe, kwa kuwa kasoro hizi hupenda kuandamana: mtoto mwenye tawi hili, hasa mwenye ugonjwa wa Down au kasoro nyingine za kuzaliwa nazo, anaweza kuwa na trakea nyembamba ambayo gegedu zake zimefunga duara zima badala ya kuacha uwazi kwa nyuma.

Kasoro ya pili inayostahili muda wako ni lobu inayofura. Hapa makosa ya kusoma picha humwaga damu. Mtoto wa wiki chache analetwa akipumua kwa haraka, mbavu zinaingia ndani. Picha inaonyesha upande mmoja mweusi mno, mara nyingi kushoto juu, na moyo umesukumwa upande wa pili. Mkono wa kila daktari aliyefundishwa vizuri unakwenda kwenye mrija wa kifuani: hewa imevuja nje ya pafu, itolewe. Lakini kwa baadhi ya watoto hawa hewa haiko nje. Iko ndani ya lobu moja ambayo tawi lake, pengine kwa gegedu dhaifu, linaruhusu hewa kuingia na kuizuia kutoka. Lobu ya juu ya kushoto ndiyo inayoongoza, ikifuatiwa na ya kati ya kulia na ya juu ya kulia. Ukitumbukiza mrija pale, unatoboa pafu.

Utatofautisha vipi? Sogea karibu na picha na utazame ndani ya ule weusi. Kwenye hewa iliyovuja, weusi ni mtupu, na ukingo wa pafu lililonywea unaonekana, pafu limejikusanya kuelekea kwenye shina lake katikati. Kwenye lobu iliyofura kuna vijishipa vyembamba vimetawanyika ndani ya weusi, vimenyooshwa, lakini vipo mpaka karibu na ukuta. Na lobu zilizobaki hazikujikusanya kwenye shina. Zimebanwa pembeni, mara nyingi kama pembetatu ndogo nyeupe chini, kando ya moyo au juu ya diaframu. Lobu iliyofura hata huvuka mstari wa katikati mbele ya moyo. Picha ya ubavu, mtoto akiwa amelala chali, inasaidia. Altrasaundi ya kifua pia inasaidia: ukiliona pafu likiteleza chini ya mbavu mahali ulipoweka kifaa, basi mahali hapo hakuna hewa nje ya pafu. Kasoro hii ina hila nyingine: katika siku za kwanza za maisha lobu hiyo inaweza kuwa nyeupe, bado imejaa maji ya tumboni, na ikasomwa kuwa nimonia. Siku chache baadaye inakuwa nyeusi.

Niseme wazi, nisieleweke vibaya. Mtoto anayezimika mbele yako, mapigo yameshuka na dalili zote ni za hewa inayobana, hasubiri mjadala wa vijishipa. Ninayemzungumzia ni yule ambaye unazo dakika tano. Zitumie. Na ukishaamua ni lobu iliyofura, kumbuka kwamba kumpulizia hewa kwa nguvu kutaifurisha zaidi. Mpe oksijeni, piga simu ya rufaa mapema kwa hospitali yenye upasuaji wa watoto, na aagiziwe eko ya moyo kwa sababu baadhi yao wana kasoro ya moyo pia. Mwenye shida kubwa huondolewa lobu. Mwenye nafuu anaweza kufuatiliwa tu.

Mishipa ya damu inayoibana trakea nitaipitia upesi zaidi, ingawa ndiyo inayojificha kwa miaka mingi chini ya jina la pumu. Mtoto anapumua kwa mlio tangu wiki za mwanzo, mlio unazidi anaponyonya au kulia, analala akiwa amerudisha kichwa nyuma, na akianzishiwa uji mzito au ugali anakwama. Dawa ya kuvuta ya pumu haimsaidii. Kwenye picha tafuta kile kibonyeo cha aota: kiko upande gani? Kikiwa kulia, na trakea imesogea kushoto, aota yake inapinda kulia. Kikiwa pande zote mbili, huenda ni upinde wa aota uliogawanyika mara mbili na kuikumbatia trakea na umio. Kwenye picha ya ubavu, trakea iliyobonyezwa kwa nyuma ni ushahidi mzuri. Bariamu ya kumeza ni kipimo cha zamani lakini kinapatikana, na kinajibu swali vizuri: umio ukibonyezwa kwa nyuma, fikiria pete ya aota, ukibonyezwa kwa mbele, huku trakea imebonyezwa kwa nyuma, mshipa unapita katikati yao, na huo mara nyingi ni mshipa wa pafu la kushoto uliopotea njia. Mshipa huu wa mwisho una ubaya wake, kwani watoto wengi wenye nao wana trakea nyembamba ya duara zima. Robert Gross wa Boston aliukata upinde wa namna hii kwa mafanikio mwaka 1945, na mpaka leo tiba ya pete inayobana ni upasuaji. Kwa Tanzania mtoto huyu anaelekezwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Mtoto mchanga anayetoa mapovu mdomoni na kupaliwa anaponyonya anajulikana kwa wakunga wote. Pitisha mrija wa tumboni. Ukigoma kwenye sentimita 10 hadi 12, piga picha ukiwa humo humo. Mrija uliojikunja juu ya kifua unamaanisha umio umeishia kama mfuko. Sasa tazama tumbo. Kukiwa na hewa, kuna njia kati ya trakea na sehemu ya chini ya umio. Tumbo lisilo na hewa kabisa kwa kawaida linaonyesha njia hiyo ya chini haipo. Usimpe bariamu. Mnyanyue kichwa, mnyonye mate mfululizo, asinyonye, apelekwe.

Alama ya kulia na kushoto. Hili linanichosha, lakini lazima nilitaje. Kuna watu ambao viungo vyao vyote vimepinduka, moyo uko kulia, ini kushoto. Baadhi yao, pamoja na mafua sugu na matawi ya hewa yaliyotanuka, wana ugonjwa alioueleza Manes Kartagener mwaka 1933, ambao chanzo chake ni vijinywele vya njia ya hewa visivyofagia makohozi. Wangapi wamekosa kutambuliwa kwa sababu mtu aliona moyo uko "vibaya" akaigeuza picha juu ya kisanduku cha mwanga ili ikae sawa? Alama iwekwe wakati wa kupiga, si kuongezwa baadaye kwa kalamu. Na ukiitumia simu kumtumia bingwa picha kwa WhatsApp, piga picha nzima mpaka pembeni, alama ionekane, jina la mgonjwa lifunikwe, na simu isiwe imewekwa kugeuza picha yenyewe.

Kabla ya kumwandikia mtu kwamba kaumbwa hivyo, maliza mawili. Kwetu kifua kikuu ndicho cha kwanza: tezi zilizovimba kwa watoto huyabana matawi ya hewa na kutoa picha ya lobu iliyosinyaa au iliyofura, kwa hiyo pima kwa vipimo vyote ulivyonavyo na uulize nani nyumbani anakohoa. Lakini dozi ikiisha, makohozi yamethibitika hayana vimelea, na lobu ileile bado imesinyaa, usimwanzishie mtoto dozi ya pili kwa sababu tu hujapata jina lingine. La pili ni kitu kilichomezwa vibaya. Karanga, punje ya mahindi, mbegu ya ubuyu. Mtoto wa miaka miwili aliyekuwa mzima na ghafla akapaliwa hana kasoro ya kuzaliwa mpaka uthibitishe hana karanga. Mpige picha akivuta pumzi na akitoa, au akilala ubavu mmoja kisha mwingine. Pafu lisilopungua hewa lina kizuizi.

CT scan ya mtoto iombwe kwa swali, kwa kuwa mionzi yake ni mingi kuliko ya eksirei. Fomu iliyoandikwa "kikohozi, nimonia?" itarudishiwa jibu la nimonia. Andika hivi: "Umri miezi 14. Nimonia mara nne, zote lobu ya juu kulia, picha zimeambatishwa. TB imepimwa, hasi. Naomba matawi ya hewa yaangaliwe kutoka trakea, na mishipa mikubwa." Mpiga picha ataelewa kwamba anatakiwa kupunguza mionzi kulingana na uzito wa mtoto, apige mara moja tu baada ya dawa ya kung'arisha mishipa, akate vipande vyembamba, na akuandalie picha za wima zinazoonyesha mti wa hewa kwa ukamilifu wake.

Na kama ulilikuta lile tawi linalotoka kwenye trakea kwa bahati tu, kwa mtu mzima aliyepigwa CT scan kwa ajali ya bodaboda, mwambie kwamba si ugonjwa na hahitaji dawa. Kisha liandike kwenye faili lake ukurasa wa mbele, na yeye umpe karatasi ya kubaki nayo pamoja na kadi ya bima: "Tawi la hewa la lobu ya juu kulia linatoka kwenye trakea, sentimita 1.5 juu ya karina. Mtaalamu wa usingizi aarifiwe kabla ya kuweka mrija wa pumzi."